Siku tatu Mombasa na watoto: Safari haiishi mkifika nyumbani

SHULE zimefungwa. Baba amepata likizo fupi kazini, mama ameweka akiba kidogo, na watoto wameuliza kwa mara ya mia bahari inafananaje. Familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Nyeri huamua papo hapo: twende Mombasa siku tatu tukarudi.

Uamuzi ni mzuri. Hata hivyo, msomaji, kabla hujakata tiketi ni vyema tuzungumze kidogo, kwa kuwa kuna makosa mawili ambayo sisi wazazi wa mjini huyafanya kila mara. La kwanza ni kupanga safari ya watu wazima kisha tukawabeba watoto kama mizigo. La pili, na ndilo la hatari zaidi, ni kudhani kwamba safari imekwisha pindi tunaporudi na kufungua mabegi.

Kosa hilo la pili nalijua vizuri. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Mombasa na mwanangu wa kiume akiwa na umri wa miaka minne. Alicheza, akala, akarudi akiwa na afya njema. Siku kumi na moja baadaye akashikwa na homa. Katika zahanati ya mtaani walimtazama koo, wakasema ni mafua, wakampa dawa ya maji. Hakuna aliyeniuliza tulikuwa wapi, nami sikusema, maana Mombasa ilikuwa imeshanitoka akilini. Usiku wa tatu mtoto akapatwa na degedege. Katika hospitali tuliyomkimbiza, swali la kwanza la muuguzi lilikuwa: "Mlisafiri wapi?" Damu ilipopimwa ikaonyesha malaria. Alilazwa juma zima, na tunamshukuru Mungu alipona.

Kwa nini mtoto wa Nairobi yuko hatarini

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake haimfai mbu wa malaria wala kijidudu anachokibeba. Mombasa iko kando ya bahari, kuna joto na unyevu, na ingawa malaria Pwani imepungua sana ikilinganishwa na miaka ya 1990, haijaisha.

Mtoto anayekua penye malaria nyingi hujijengea kinga kidogo kidogo kadiri anavyoumwa na mbu. Wako hana kinga hiyo. Akiambukizwa, ugonjwa humwendea mbio, na homa iliyoonekana nyepesi asubuhi inaweza kuwa malaria kali kesho yake. Hata wewe mzazi uliyekulia Kisumu au Kilifi usijitape. Kinga hiyo hupungua ukikaa miaka mingi mbali na ugonjwa.

Kwa sababu hii, mwone daktari kama majuma mawili au matatu kabla ya safari. Mwulize iwapo mtoto anafaa kupewa dawa ya kuzuia malaria. Dawa hizo hutofautiana: nyingine huanza kutumiwa siku moja au mbili kabla ya kuondoka, nyingine majuma kadhaa mapema, na si zote zinazofaa watoto wadogo. Usinunue kwa kukisia. Kadhalika, beba kijitabu cha kliniki na uhakikishe chanjo zimekamilika, hasa ya surua, kwani mtakuwa katika umati.

Mkoba mdogo usiokaa chini ya basi

Tayarisha mkoba mmoja wa afya utakaokaa miguuni pako, si kwenye buti. Utie kipimajoto, paracetamol ya watoto, pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki, plasta, mafuta ya kuzuia miale ya jua, dawa ya kufukuza mbu, na kadi ya bima ya afya. Dawa ya mbu usimpake mtoto viganjani wala karibu na macho, na mtoto aliye chini ya miezi miwili usimpake kabisa. Mfunike kwa chandarua.

Unapopiga simu kuulizia chumba, usiulize bei peke yake. Uliza kama kuna chandarua kizima kisicho na matundu, kama kuna feni inayofanya kazi, na kama kidimbwi cha kuogelea kimezungushiwa ua. Jibu la kusitasita ni jibu tosha.

Njiani

Kutoka Nairobi, gari moshi la reli ya kisasa lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 limewapunguzia wazazi adha nyingi. Safari huchukua takriban saa tano hadi sita, msalani hapako mbali, na mtoto anaweza kunyoosha miguu. Jitahidi mfike kituoni Syokimau mapema, kwani ukaguzi wa mizigo una foleni yake. Visu haviruhusiwi, kwa hivyo menya maembe na machungwa nyumbani. Beba sweta pia, kwa sababu behewa lenye kiyoyozi huwa baridi kuliko unavyodhani. Mkipita Tsavo, mweke mtoto dirishani: ndovu wekundu kwa vumbi la huko ni dawa nzuri ya kilio.

Ukipanda basi, chagua la mchana, na kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake. Mtoto aliyepakatwa hana kinga yoyote dereva anapofunga breki ghafla. Ikiwa huwa anatapika njiani, mpe chakula chepesi kabla ya kuondoka, si chipsi zenye mafuta, na umwambie atazame mbali mbele.

Kituo cha Miritini kiko nje ya kisiwa cha Mombasa. Panga usafiri wa kukufikisha mjini kabla hujafika, usije ukasimama juani na watoto wenye njaa ukibishana nauli.

Mambo mawili kwa siku, basi

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wanataka Fort Jesus, Mji wa Kale, Likoni, Bamburi na ununuzi wa leso, vyote Jumamosi moja. Saa nane mchana mtoto analia, baba amekasirika, mama anaumwa na kichwa, nao wote wana kiu.

Kanuni ni rahisi: jambo moja asubuhi, usingizi mchana, jambo moja jioni. Kati ya saa tano na saa tisa alasiri jua la Mombasa si la mtoto. Wakati huo muwe kivulini, mmekula, mmeoga, mmelala.

Asubuhi mnaweza kwenda Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596, na ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2011. Mtoto wa miaka mitano hatajali tarehe, lakini mizinga ataipenda. Mshike mkono juu ya kuta, kwani ni ndefu. Au mwende Haller Park kule Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya mawe ya saruji, pakapandwa miti hadi pakawa msitu. Wasimulie watoto habari za Owen, ndama wa kiboko aliyeokolewa mwaka wa 2004 na kuletwa huko, akamfanya kobe mzee kuwa mwandani wake. Jioni, upepo wa bahari pale Mama Ngina unatosha. Hapo watoto watakimbia nanyi mtakaa.

Palipo na umati, kama vile kwenye feri ya Likoni, andika nambari yako ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino. Mtoto wa miaka mitatu aliyepotea anajua tu kwamba wewe unaitwa "Mama".

Maji, chakula na bahari

Joto humkausha mtoto upesi kuliko mtu mzima. Mpe maji mara kwa mara bila kungoja aseme ana kiu. Midomo ikikauka, akikojoa kidogo na mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, amepungukiwa. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu, hata kama shangazi aliyewapokea atasisitiza kwamba joto hili lataka maji. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Mombasa ina vyakula vitamu, na hakuna sababu ya kuwanyima watoto. Mahamri na mbaazi zinazotoka mvuke, viazi karai vinavyotoka kwenye mafuta, samaki aliyekaangwa mkiona: vyote ni salama kuliko kilichopoa tangu asubuhi. Dafu likatwe mbele yenu na linywewe hapo hapo. Kachumbari, juisi zilizotiwa maji yasiyojulikana na matunda yaliyokatwa yakaachiwa nzi, yapite.

Mtoto akiharisha, mchanganyie ile dawa ya kurudisha maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukikosa, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Mpe kidogo kidogo, na umwendeleze kula. Akitapika kila kitu, akiwa na damu kwenye choo au akilegea, mpeleke hospitalini.

Kuhusu bahari, kumbuka jambo moja: mtoto hazami kwa kelele. Huzama kimya, hata katika maji ya kumfikia kiunoni, huku watu wazima wakipiga gumzo hatua chache tu kutoka hapo. Chagueni mtu mmoja ambaye kazi yake kwa nusu saa ni kutazama tu, bila simu wala gazeti, hata hili. Kisha apokewe na mwingine. Wenyeji wakikuambia maji yanajaa, toka.

Usiku

Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Jua likianza kutua, wavalishe watoto mikono mirefu na suruali nyepesi, uwapake dawa, na wanapolala uchomeke chandarua chini ya godoro. Feni ikiwaka usidhani inatosha. Umeme ukizimika, mbu hazimiki. Mchana pia kuna mbu mwingine, yule wa homa ya dengue, ambayo imewahi kuzuka Mombasa, ikiwemo mwaka wa 2013 na 2021. Kwa hivyo dawa ya kupaka si ya jioni peke yake.

Mkisharudi

Sasa tumefika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Kijidudu cha malaria hujificha mwilini angalau juma moja baada ya mtu kuumwa na mbu, na kwa kawaida homa huanza kati ya siku ya kumi na kumi na tano. Wakati mwingine huchelewa zaidi. Hii ina maana kwamba mtoto ataugua akiwa nyumbani, shuleni au kwa nyanya, wakati picha za ufuoni zimeshasahaulika.

Chukua kalenda ya jikoni uandike tarehe mliyorudi. Kwa muda wa miezi mitatu tangu siku hiyo, homa yoyote ya mtoto ni malaria mpaka damu ipimwe na kuonyesha vinginevyo. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha, wala usingoje kuona kama itapoa. Kipimo kikionyesha malaria, maliza dozi yote hata akiwa ameanza kucheza. Kisipoonyesha na homa ikaendelea, rudi apimwe tena, na umwambie daktari kuhusu dengue. Wakati huo wote homa itulizwe kwa paracetamol. Usimpe aspirini wala ibuprofen.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, aliyepauka viganja, aliyepatwa na degedege au asiyeamka vizuri, huyo si wa kungojewa hadi asubuhi.

Mwisho, mlezi wa mtoto aambiwe, mwalimu aambiwe, na nyanya aambiwe: huyu alikuwa Mombasa. Nawe ukiingia chumba cha daktari, usingoje kuulizwa mlisafiri wapi. Lifanye hilo liwe neno lako la kwanza baada ya salamu.