Kuruta akipiga simu, babu ndiye anayeelewa

Mitihani ya kidato cha sita ikishapita, familia nyingi za Tanzania husubiri tangazo jingine kabla hata ya matokeo: majina ya vijana walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Jina likionekana, kazi inahamia sokoni. Orodha ya vifaa haina utani. Bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, urefu wake uishie magotini. Fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nauli ya kwenda na kurudi. Mama atazunguka maduka mpaka miguu iume, maana kila bukta anayoonyeshwa ina zipu. Aliyepangiwa Mafinga anaongezewa sweta zito; Juni na Julai baridi ya kule haina adabu.

Akishavuka lango la kambi, kijana ni kuruta, na kila aliye juu yake ni afande. Filimbi inalia kabla ya alfajiri, mchakamchaka wenye nyimbo unaanza, kisha usafi wa hanga la kulala, chai, kwata. Baadaye ni jembe au fatiki nyingine yoyote: kubeba kuni, kufyeka, kuchota maji, kupika kwa zamu. Anayedoji anarushwa kichura. Yapo pia masomo ambayo watu wa nyumbani huyafikiria kwanza, yaani silaha, shabaha, usomaji wa ramani na ujanja wa porini. Lakini ukihesabu saa za siku nzima, jembe, foleni ya mesi na ufagio huwa na sehemu yao kubwa.

Simu si kitu cha kushika ovyo kambini, hivyo nafasi ikipatikana, nyumba nzima hukusanyika na sauti hufunguliwa watu wote wasikie.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Unakula?”

“Nakula mama. Ugali na maharage.”

“Jana je?”

“Maharage.”

Mama anashusha pumzi. Baba anauliza kama wameshapewa bunduki. Kijana anasema bado, anaongeza kwamba buti limemchuna kisigino, kisha anakaa kimya kidogo. Hapo babu, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka, anainuka na kuiomba simu.

“Mjukuu wangu, lindo umeshashika?”

“Juzi babu, saa nane usiku.”

“Na jirani yako wa kitanda ni mtu wa wapi?”

Maneno yanamtoka kijana kama maji ya bomba. Jirani ni wa Newala, anakoroma, lakini ndiye aliyemfundisha kutandika shuka isiwe na mkunjo afande asipate la kusema.

Babu kuelewa kuliko baba kuna historia yake. JKT ilianzishwa 10 Julai 1963. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana Dar es Salaam kupinga mpango wa kuwalazimisha wasomi kujiunga, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, na mpango ukaendelea. Kwa miaka mingi, zama za akina babu, mhitimu aliyetaka kusonga mbele alijua kambi inamsubiri. Mwaka 1994 mafunzo ya lazima yakasitishwa, yakarejea mwaka 2013, na baadhi ya wabunge vijana wakawa miongoni mwa walioanza kuvaa bukta. Waliomaliza shule katikati ya miaka hiyo hawakuguswa, na wengi wao ndio wazazi wa makuruta wa leo. Wanalijua jeshi kwa gwaride la sherehe za taifa na kwa filamu. Ndiyo maana wanauliza habari za bunduki.

Kwa mzazi wa namna hiyo, ushauri ni mfupi: muulize mtoto habari za kisigino, za zamu ya jikoni, za jirani wa kitanda. Humo ndimo utakamosikia kama anaonewa, anaumwa au ameanza kuzoea. Kijana hatasema “nimechoka” mbele ya wenzake wanaosubiri simu hiyohiyo, ila atasema maharage yaliungua.

Vijana wa mujibu hukaa miezi mitatu tu. Wanaojitolea husaini miaka miwili, na kati yao wapo wanaoota kuvaa kombati ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Wa miezi mitatu atarudi akiwa mwembamba, mweusi kwa jua, sauti imekauka kwa nyimbo. Wiki ya kwanza atatandika kitanda kabla ya adhana na kufagia uwanja bila kutumwa, na mama atawatangazia majirani. Nidhamu hiyo ilipandwa kwa filimbi, na nyumbani hakuna wa kuipuliza. Mzazi asiharakishe kushangilia. Asubiri mwezi wa pili, ndipo ataona kipi alikiacha langoni na kipi amekuja nacho.