Jiko Linalopika na Kuacha Makaa

Lipo jiko la kuni ambalo, chungu kikishaiva, huacha makaa badala ya majivu. Kuni hupangwa ndani ya kopo la chuma na kuwashwa juu, si chini. Joto hushuka taratibu, kuni zikitoa gesi, na gesi hiyo hupanda na kukutana na hewa ya matundu ya juu. Mwali unaopika ni wa gesi hiyo. Thomas Reed alianza kuichunguza njia hii Marekani mwaka 1985. Paal Wendelbo wa Norwei aliifikia kivyake, na jiko lake la Peko Pe likatumika kaskazini mwa Uganda.

Kilo moja ya kuni kavu huweza kuacha gramu 150 hadi 250 za makaa. Kuni zikiwa mbichi, hesabu hiyo huharibika.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kwa hiyo kilo moja hubeba takriban nusu lita, na kuigeuza yote kuwa mvuke huhitaji joto ambalo lingechemsha lita nne za maji ya chai! Joto hilo hutoka kwenye kuni zilezile. Moto hula sehemu ambayo ingebaki kuwa makaa, hewa nyingi zaidi huhitajika, mwali hulegea na moshi hujaa jikoni. Wapo wanaosifu kuni zenye ubichi kwamba hudumu. Kweli huchelewa kwisha, lakini muda mwingi hupotea zikijikausha, na mpishi ndiye anayevuta moshi.

Unene wa kuni una hila zaidi. Kwenye tanuri la udongo, gogo nene huiva kwa siku kadhaa na kutoa makaa mazuri. Jiko halina siku hizo. Kipande kinene kikitiwa humo, nje huwa majivu huku ndani kikibaki kijinga kinachofuka. Mapengo makubwa kati ya kuni nayo hupitisha hewa ovyo, na moto hushuka upande mmoja tu. Vumbi la mbao na pumba za mpunga huleta shida ya kinyume: huziba hewa. Ndiyo maana Alexis Belonio wa Ufilipino aliliwekea jiko lake la pumba feni ndogo.

Vinavyofaa ni vipande vifupi vya unene wa kidole gumba, vinavyolingana. Magunzi ya mahindi yaliyokaushwa hufaa bila kuchanjwa. Huko Embu, Kenya, watafiti waliyajaribu pamoja na matawi ya migrevilea jikoni mwa wakulima.

Kuchanja kuni ndogondogo ni kazi, na mara nyingi huwaangukia wanawake. Wanaosambaza majiko haya wasiifiche kazi hiyo: wafundishe kuchanja na kuanika kuni wiki kadhaa kabla ya kupika. Wafundishe pia kuyazima makaa mara mwali unapokufa, kwa kuyafunika kwenye chombo cha chuma kisichopitisha hewa, nje ya nyumba. Yakiachwa wazi huendelea kuungua hadi yawe majivu, na hewa ya sumu inayotoka humo huweza kuua ndani ya chumba kilichofungwa.