Mwalimu wa gitaa hachaguliwi kwa kelele za spika

Juma lililopita mzazi mmoja alinisimamisha kituo cha basi akaniuliza: "Dada, nitampata wapi mwalimu wa gitaa wa mwanangu, anayejua kazi na asiye ghali?" Swali hilo lilinigusa, maana nami niliwahi kuumia.

Binti yangu alipotimiza miaka 12, mjomba wake alimletea gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni na shingo pana. Nikamtafutia mwalimu, kijana hodari wa gitaa la solo katika bendi. Alidai ada ya miezi mitatu kwa mkupuo, nikalipa. Siku ya pili akasema nyuzi za nailoni hazilii, akazitoa, akafunga za chuma. Binti akaanza kulalamika: "Mama, vidole vinauma." Nikamwambia avumilie, mchumia juani hulia kivulini. Wiki ya tano, kibao kinachoshika nyuzi kikabanduka kifuani mwa gitaa. Mwalimu hakuonekana tena. Mtoto alilia, akasema hataki kusikia habari ya muziki.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Yule kijana alikuwa fundi, lakini wa kazi nyingine. Seremala hodari si lazima ajue kushona koti. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya nailoni, na gitaa la klasiki halikujengwa kubeba mzigo huo. Tena, katika bendi zetu za dansi kazi hugawanywa: huyu solo, yule rizimu, mwingine besi. Katika gitaa la klasiki mtu mmoja hufanya yote. Kidole gumba hupiga besi, vidole vitatu vinavyofuata hupiga sauti za juu, na mpigaji husoma nota.

Basi, nilipotafuta mara ya pili, nilikwenda na maswali.

Kwanza, mwombe mwalimu apige mwenyewe kipande kifupi, polepole, bila spika. Pili, omba kumsikia mwanafunzi wake mmoja, kwani mwalimu hujulikana kwa mwanafunzi. Tatu, tazama anavyomkalisha mtoto: mguu wa kushoto juu ya kigoda kifupi, gitaa juu ya paja hilo, mabega yamelegea, kifundo cha mkono hakikupindwa sana. Asiyejali mkao atakuachia mtoto mwenye maumivu. Nne, uliza cheti. Bodi ya ABRSM ya London ina mitihani ya gitaa la klasiki yenye madaraja manane, na aliyefaulu amepimwa kweli. Lakini cheti husema mtu anaweza kupiga. Hakisemi kama ana subira na watoto.

Kuhusu fedha, usilipe miezi mbele. Lipa kwa kila kipindi. Anayeanza yamtosha nusu saa kwa juma, mradi afanye mazoezi dakika 20 kila siku. Bila mazoezi, ada yako ni maji kwenye pakacha. Tafuta jirani mwenye mtoto, wafundishwe wawili, mgawane gharama. Masomo ya video kwenye simu husaidia, lakini simu haimwoni mtoto aliyekaa vibaya ikamrekebisha.

Na wapi pa kuuliza? Anzia kwenye kwaya za makanisa na shule zenye somo la muziki. Waulize wahitimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981 na ambacho leo ni TaSUBa. Ndugu zetu wa Nairobi wana Kenya Conservatoire of Music, iliyoanza 1944.

Mimi nilimpata mwalimu mstaafu wa shule. Siku ya kwanza hakufundisha wimbo wowote. Alimwuliza binti yangu wapi panauma, akamkalisha upya, kisha akampigia. Gitaa lilitengenezwa, nyuzi za nailoni zikarudi. Leo jioni, nikipika, nasikia zoezi moja la Carcassi, yule Mwitaliano aliyefariki 1853. Hukwama palepale kila siku, kisha huanza tena.

Kwa hiyo mzazi wa kituo cha basi, siku ya kwanza nenda na mwanao, kaa pembeni, sikiliza. Mkirudi njiani muulize swali moja tu: angependa kurudi? Jibu hilo lina uzito kuliko tangazo lolote.

Tukijaliwa, tuonane juma lijalo.