Maneno Mapya ya Watoto Wetu: Tuyapige Vita au Tuyajue?



Wazazi wengi katika jamaa zetu tunaoishi hapa Uingereza wanalalamika kwamba hawawafahamu tena watoto wao. Si kwa sababu watoto wanasema Kiingereza, kwani hicho wazazi wanakijua, bali Kiingereza chenyewe kimejaa maneno ambayo mzazi hakuyasoma shuleni wala hayasikii kazini. Mtoto anasema "rizz", mwenzake anajibu "delulu", wa tatu anapiga kelele "skibidi", wote wanaangua kicheko, na mzazi amekaa nao sebuleni kama mgeni. Tumeona ni vyema tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Kwanza tujue yanatoka wapi. "Rizz" ni kipande kilichokatwa katikati ya neno la Kiingereza lenye maana ya haiba, nalo lina maana ya ustadi wa kumvutia mtu, khasa katika mambo ya mapenzi. Lilienezwa kwenye intaneti, na mwaka 2023 wachapishaji wa kamusi za Oxford walilitangaza kuwa neno la mwaka. "Delulu" lilianza kwa mashabiki wa muziki wa Korea ya Kusini. Huambiwa mtu anayejidanganya kwa matumaini yasiyo na msingi. "Skibidi" limetoka katika katuni zilizoanza kuonyeshwa YouTube mwaka 2023, ambamo vichwa vya watu huchomoza vyooni. Halina maana moja: huweza kuwa zuri, baya, au mzaha mtupu. Haya mawili ya mwisho yaliingizwa katika kamusi ya Cambridge mwaka 2025.

Je, Kiswahili chetu hakikufanya hivyo? Waingereza waliweka kibao barabarani kuwaambia madereva wapite kushoto, sisi tukapata "kiplefti", na wingi wake "viplefti". Daladala ilipewa jina kwa nauli yake ya shilingi tano, sarafu iliyokuwa ikiitwa "dala". Na mtu anayejidanganya kwa matumaini ya bure, wazee wetu walisema anaota ndoto za Alinacha. Alinacha huyo ni mtu wa hadithi za Alfu Lela Ulela, aliyeota utajiri mbele ya vyombo vyake vya kioo, kisha akavipiga teke vikavunjika vyote. Hiyo ndiyo "delulu" yenyewe! Wao walichota katika hadithi zilizopendwa zama zao, na watoto wetu wanachota katika zinazopendwa leo.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila neno ni la kuachiwa. Yapo mambo mawili ambayo mzazi hana budi kuyasimamia.

La kwanza ni kiapo. Katika mitaa ya London vijana wa kila dini siku hizi husema "wallahi", na wengi wao hulitumia kukazia maneno tu. Mtoto wetu akilisikia hivyo kutwa nzima, atalitamka kwa jambo la mpira au la peremende, asikumbuke kwamba amelitaja jina la Mwenyezi Mungu. Suratul Maida, aya ya 89, inatuamrisha kuvihifadhi viapo vyetu. Tumweleze hayo kwa upole, maana yeye anadhani amejifunza neno la mtaani.

La pili ni majina ya kudhalilisha. Mengi ya maneno haya hutumiwa kumcheka mwenzao kwa sura yake au mavazi yake. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa majina mabaya, na katazo hilo halibadiliki kwa kuwa jina limetoka kwenye simu.

Nje ya hayo mawili, tuulize kabla ya kukaripia. Mwaka 2024 neno la mwaka la Oxford lilikuwa "brain rot", yaani kuoza kwa ubongo. Neno hilo lilikwishaandikwa na Mmarekani Henry David Thoreau mwaka 1854, lakini vijana wamelifufua kulitajia dhara la kutazama mambo ya kipuuzi kwa masaa mengi. Mtoto anapolitamka, analisema lile lile ambalo mama yake amelisema mara mia. Mzazi asiyelifahamu neno atapitwa na mlango uliofunguliwa.

Shauri letu ni hili. Kila mtoto anapoleta neno jipya nyumbani, aulizwe maana yake, kisha apewe ndugu yake wa Kiswahili: kwa "rizz" apewe haiba, kwa "delulu" apewe kisa cha Alinacha. Hatari kubwa si mtoto kusema "skibidi". Hatari ni mtoto huyo kupewa simu azungumze na bibi yake Unguja au Mombasa, akakosa la kusema baada ya "shikamoo". Neno la kigeni halimtoi Kiswahili kinywani. Kinachomtoa ni kimya chetu sisi wazazi.

Wabillahi tawfiq.