Daka, kiwanda, ndani: maneno ya nyumba ya kifahari

Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wetu, hapa Shari, anajenga villa. Aliniita kuniuliza swali: «Mwanangu, wewe unasoma lugha za Afrika. Mimi nataka nyumba ya asili yetu, kama ya wakubwa wa zamani. Vyumba hivi viitwe namna gani kwa Kiswahili?» Kwenye plani kila kitu kiliandikwa kwa Kifaransa, na kando ya ukuta mmoja: «décor africain».

Kiswahili kina msamiati mzima wa nyumba ya kifahari. Tunaukuta Lamu, ambako matajiri wa karne ya 18 walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nje ya mlango kuna daka, lenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni asiyezoeleka huishia hapo. Ukivuka mlango uko tekani, ambapo njia hupinda ili mpita njia asichungulie. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa juu (sabuni haitengenezwi hapo). Halafu msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani. Kadiri unavyoendelea sakafu hupanda kidogo, mwanga hufifia, na wanaoruhusiwa kupita hupungua.

Tini na yuu ni chini na juu kwa Kiamu, na majina hayo yanafuata sakafu inayopanda. Ndani, ambalo sisi tumezoea kulichambua kama kielezi, pale ni jina la chumba. Ukutani mwake kuna zidaka, vishimo vilivyopangwa safu kwa safu vya kuwekea vyombo vya kaure. Kiamu husema zi- mahali ambapo Kiswahili sanifu husema vi-, kwa hiyo kidaka ni daka dogo: shina ni moja mlangoni na ukutani, kilichobadilika ni kiambishi tu.

Hata wembamba wa vyumba vile una sababu. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, takribani mita tatu. Anayemwaga zege leo hafungwi na mti. Akinakili zidaka bila mpangilio wa daka hadi ndani, kwa maoni yangu amenunua rafu.

Katika familia hii ya maneno, lililokita mizizi kwetu ni baraza. Wengi hulihusisha na mzizi wa Kiarabu b-r-z, kujitokeza. Limeingia hata katika Kifaransa cha Kongo, «barza», kwa maana ya veranda. Na Kivu ya Kaskazini, mwaka 1998, chombo cha kupatanisha jamii kiliitwa Barza Intercommunautaire. Kiti cha mlangoni kimekuwa kikao cha amani.

Basi nilimwambia yule baba kwamba plani yake ina salon mbili na haina baraza. Ukuta umefika mpaka barabarani. Alinitazama. «Mwanangu, ule ukuta ni kwa sababu ya usiku. Umesahau tulivyokimbia?»

Sikuwa nimesahau. Tulikaa na plani ile mpaka jua likazama, tukitafuta mahali ambapo jirani angeweza kuketi bila kufunguliwa nyumba. Mwishoni alichora viti viwili vya matofali nyuma tu ya geti, chini ya paa dogo. Mhandisi alipokuja aliandika pale «barza». Mimi niliongeza kwa penseli: daka.