Kubishana bila kuachana: somo kutoka sinagogi

Wandugu, kwetu mtu akipinga wazo la mwenzake kwenye mkutano, haraka tunauliza: huyu ni wa kundi gani? Nani amemtuma? Wazo lenyewe linabaki pembeni.

Wengi wetu tunajua sinagogi kama jengo tu, mfano ile ya Lubumbashi. Lakini ndani ya sinagogi nyingi duniani watu wanabishana kweli kweli: juu ya sala, juu ya nafasi ya wanawake, juu ya siasa ya Israeli. Dini ya Kiyahudi haikukataza ubishi. Iliuwekea masharti. Tuone matatu.

La kwanza: sema vizuri hoja ya mwenzako kabla ya yako. Miaka 2000 hivi iliyopita kulikuwa shule mbili, ya Hillel na ya Shammai. Talmudi inasimulia kwamba zilibishana miaka 3, kila moja ikidai sheria iko upande wake. Mwishoni sauti ya mbinguni ikatangaza kwamba maneno ya pande zote ni ya Mungu, ila sheria ifuate Hillel. Sababu gani? Watu wa Hillel walikuwa wapole, walifundisha pia maneno ya Shammai, tena waliyatanguliza mbele ya yao.

La pili: usitupe wazo la aliyeshindwa. Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200, inaandika hata maoni ya wachache, ili baraza la kesho liweze kuyategemea. Na shule zile mbili, hata zilipopingana juu ya sheria za ndoa, hazikuacha kuoana.

Tusidanganyane, haikuwa amani siku zote. Mapokeo yanaihesabu tarehe 9 ya mwezi wa Adar kati ya siku za kufunga, sababu ndiyo siku shule hizo ziligombana.

La tatu: piga hoja, usipige mtu. Katika karne ya 3, kule Tiberia, Rabi Yohanan alikuwa anasoma na shemeji yake Resh Lakish, ambaye zamani alikuwa mnyang'anyi. Siku moja wakabishana juu ya visu na panga: kinahesabiwa kimekamilika wakati gani? Yohanan akamrushia neno: mnyang'anyi anavijua vyombo vyake. Resh Lakish akaumia moyoni, akagonjwa, akafa.

Wakamletea Yohanan mwenzake mwingine, msomi kabisa. Kila Yohanan akisema kitu, huyu anamuunga mkono. Yohanan akachoka. Resh Lakish alikuwa anamletea pingamizi 24, naye anatafuta majibu 24, na somo linapanuka. Huyu mpya ana faida gani? Akamlilia rafiki yake mpaka akili ikamtoka.

Angalieni vizuri: pingamizi zote zile hazikuvunja urafiki. Neno moja juu ya maisha ya zamani ndilo liliua. Ndiyo maana mpaka leo Wayahudi wengi wanasoma Talmudi wawili wawili, na mwenzako wa kweli ni yule anayekutafutia kasoro kwenye hoja, halafu kesho munakaa tena meza moja.

Sasa kwenye komite yenu, nani alikuwa analeta zile pingamizi 24? Angali anakuja kwenye mikutano, ao mulishamufukuza?