Mzamiaji Wetu, Mhamiaji Haramu wa Wenzetu

Kijana wa Tanga akijificha kwenye meli akaibukia Ulaya, mtaani tunasema amezamia. Akikaa huko bila kibali, tunasema hana makaratasi. Akikesha ghalani akipakua mizigo, tunasema anabeba boksi ili nyumbani wale. Maneno hayo yana huruma ndani yake, na wakati mwingine hata sifa. Lakini Mwethiopia akikamatwa ndani ya lori akielekea Afrika Kusini, asubuhi yake magazeti yetu humwita mhamiaji haramu. Wote wawili wamevuka mpaka bila ruhusa, wakitafuta kazi.

Haramu ni neno zito kwa Kiswahili. Lilitoka kwenye dini kabla ya kufika mahakamani: nyamafu ni haramu, riba ni haramu. Likibandikwa mtu humganda yeye mwenyewe, kama anavyojua kila aliyewahi kuitwa mwanaharamu kwa jambo walilolitenda wazazi wake. Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka hati zake ziwataje wanaovuka mpaka hivyo kutafuta kazi kuwa wafanyakazi wahamiaji wasio na hati. Shirika la habari la Associated Press la Marekani nalo liliamua mwaka 2013 kwamba haramu ni kitendo cha kuingia au kuishi nchini kinyume cha sheria, na mtu asiitwe hivyo.

Neno hilo moja pia linachanganya watu ambao sheria inawatofautisha. Yupo aliyepita njia za panya. Yupo aliyeteremka uwanja wa ndege na viza halali, muda ukaisha akabaki. Yupo aliyekimbia mateso kwao. Huyu wa mwisho, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu kwa kuingia bila kibali iwapo ametoka moja kwa moja kwenye hatari na amejitokeza kwa mamlaka bila kuchelewa. Nchini Marekani kuvuka mpaka kwa siri ni jinai, lakini Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2012, katika kesi ya jimbo la Arizona, kwamba kwa kawaida kuendelea tu kuwapo nchini bila kibali si jinai.

Sasa tuje kwenye ajira, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Wengi huziona kazi kama sinia moja la pilau: akiongezeka mlaji, wengine hawashibi. Lakini mgeni anayefanya kazi hupanga chumba, hununua unga, hunyoa nywele, hupanda basi, na kila anachonunua kina mwenyeji anayelipwa kukiuza.

Hoja hii ilipata kipimo chake mwaka 1980. Kati ya Aprili na Oktoba, Wakuba wapatao 125,000 waliondoka kwa mashua kupitia bandari ya Mariel, na wengi walifikia Miami. Marekani haikuwapa hadhi ya ukimbizi wala haikuwarudisha; iliwabunia jina jipya, "walioingia", hali yao ikisubiri uamuzi. Nguvukazi ya Miami iliongezeka kwa asilimia 7 hivi katika miezi michache. Mchumi David Card aliilinganisha Miami na miji iliyofanana nayo, na mwaka 1990 akaripoti kwamba mishahara ya wenyeji wenye elimu ndogo haikuonekana kuyumba kwa sababu ya wageni. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobeli, kwa sehemu kutokana na kazi za namna hiyo.

George Borjas wa Chuo Kikuu cha Harvard alizirudia takwimu zile na kusema kwamba wanaume wasiomaliza sekondari walipoteza kati ya asilimia 10 na 30 ya mishahara. Wengine wakamjibu: sampuli yake ni ndogo, na katika miaka ileile walihesabiwa ndani yake wanaume Weusi wengi zaidi kuliko awali, ambao tayari walikuwa wakilipwa kidogo. Mimi naona jibu la Card ndilo lililosimama. Hata hivyo Borjas aliuliza swali la haki: nani hasa anaumia? Ripoti ya Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani ya 2016 ilisema athari kwa mishahara kwa jumla ni ndogo, na pale inapoonekana, huwagusa kwanza wahamiaji waliotangulia na wenyeji wasiomaliza sekondari.

Kuwazuia nako kumejaribiwa. Mwisho wa 1964 Marekani ilifuta mpango wa Bracero, uliokuwa ukileta vibarua wa mashambani kutoka Mexico tangu 1942. Iliahidiwa kwamba mishahara ya wenyeji ingepanda. Haikupanda kwa sababu hiyo. Wakulima wa nyanya wa California walinunua mashine za kuvunia.

Kinachoshusha mshahara ni woga. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kiwanda cha Hoffman, iliamua kwamba mfanyakazi asiye na kibali aliyefukuzwa kwa kuunga mkono chama cha wafanyakazi hastahili kulipwa mishahara aliyoikosa, ingawa kumfukuza kwa sababu hiyo kulivunja sheria. Mwajiri anayejua hilo ataajiri nani? Dada zetu walioko Ghuba wanaijua hali hii. Chini ya kafala, yaani utaratibu wa huko wa udhamini, kibali hufungwa kwa bosi. Mtumishi akikimbia kipigo, bosi akiripoti kwamba ametoroka, yule aliyeingia kwa viza halali hujikuta hana makaratasi.

Yakipatikana makaratasi, mshahara husogea. Sheria ya Marekani ya 1986 iliwapa ukaazi watu wapatao milioni 2.7, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2002 ulikuta kwamba wanaume wa Mexico na Amerika ya Kati waliohalalishwa walipata nyongeza ya takribani asilimia 6.

Wahariri wetu, nawaomba: lori jingine likikamatwa, andikeni "wahamiaji wasio na vibali", kisha mtafute ni nani aliyelipwa kuwasafirisha na ni nani aliyekuwa akiwasubiri kuwapa kazi.